Mkono Una Njaa Yake

Daktari wa Sib alimwambia Zahor bila kuinua uso:
sukari tisa nukta nne, ya miezi mitatu.
Akaandika orodha ya haramu mpya:
mkate, wali, maandazi, tende ikizidi moja,
na halwa akaipigia mistari miwili chini,
kana kwamba yuko mtu Maskati nzima
asiyejua tunazungumzia nini.

Mume wangu akaikunja karatasi mara nne
akaitia mfuko wa kanzu.
Niliikuta ndani ya mashine ya kufulia
imegeuka uji.
Basi, dawa ikawa juu yangu.

Sikuwa mjuzi, niseme kweli.
Siku ya kwanza nilichoma mkate wa unga wa lozi,
riyali tatu na nusu zimekwenda,
ukang'ang'ania trei kama deni la ndugu.
Zahor aliutafuna taratibu, kwa adabu,
akauliza nimefagia ua wa nani.

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Ndipo nikaanza kumtazama.
Nyumba yetu hapa Mabela, baada ya alasiri,
wageni huja bila kupiga simu,
dele linapita, vifinjani vinapita,
na kila akipokea kahawa
vidole vyake vitatu vya kulia hutoka vyenyewe
kuelekea pale lilipokaa bakuli la halwa miaka yote,
hufika katikati ya busati,
hukumbuka,
hurudi kujificha chini ya goti.

Tumbo lilikuwa limeshiba, nililishibisha mimi.
Mkono ndio uliolala na njaa.

Nikaacha kupikia tumbo.

Kababu za jodari, viazi nimevitoa,
nimezishika kwa yai na kitunguu kilichokamuliwa maji,
ndogo, za kuingia mdomoni mzimamzima.
Matango nimeyachimba moyo kwa kijiko cha chai
nikayajaza lebne na zaatari.
Lozi nikazikaanga kavu kwa chumvi na iliki,
jikoni kukanukia Idi na Idi bado.
Jibini nikaiacha ndani ya oveni mpaka ikasinyaa,
ikawa ya kuvunjika kama kigae;
hiyo wajukuu waliimaliza ikiwa moto,
babu yao hakuiona.

Lakini nazi!
Ghanima aliniletea mbili kutoka Salala,
amezifunga kwa kanga nyuma ya gari,
safari ya kutwa nzima, jangwa tupu.
Mbuzi ya marehemu mama sikuitoa,
nazi hii haikuwa ya kukunwa.
Niliiparua kwa kisu, nyembamba kama ukucha,
nikaisugua ndimu, chumvi, pilipili ya unga,
nikaiacha motoni, moto wa kuvizia,
hadi kingo zikashika rangi ya kahawa.

Sleyum wa nyumba ya pili aliitazama sahani:
"Leo mnatulisha maganda?"
Hakujibiwa.
Vidole vitatu vilikuwa vimeshatoka njiani,
vimefika katikati ya busati,
na safari hii vimekuta kitu.
Kra.
Tena, kra.
"Nazi ya wapi hii?"
"Ya Salala."
"Ina chumvi ya Unguja," akasema,
mtu aliyeiacha Unguja ana miaka sita,
jino la mbele halijaota.
Nikainama kumimina kahawa.

Jana nilikwenda garini kutafuta miwani.
Usukani ulininata, upande wa kulia,
mahali pa vidole vitatu,
pananukia zafarani na marashi ya waridi.
Nilisimama pale kidogo, jua linaunguza kisogo.
Nikarudi na kitambaa na kipande cha ndimu,
nikapafuta.
Kisha nikaparua nazi ya pili,
nikaikausha, nikaijaza mkebeni,
na mkebe nikauweka karibu na gia,
kifuniko nimekilegeza
auweze kwa mkono mmoja.